Bima ya safari inayokuja na kadi ya mkopo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapo wanaotembea na bima ya safari mfukoni bila kujua. Wapo pia wanaojua kwamba wanayo, wakaitegemea, kisha siku ya siku wakajibiwa kwamba tukio lao halimo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wasafiri wanayouliza zaidi, na mengi huulizwa begi likiwa limeshapotea.

Hii bima ni ya nani? Ni ya Visa, ya Mastercard au ya benki?

Kwa kawaida si ya yeyote kati yao. Benki iliyokupa kadi huingia mkataba wa bima ya kundi na kampuni ya bima, na wewe mwenye kadi unaingizwa humo kama mnufaika. Wakati mwingine mtandao wa malipo, yaani Visa au Mastercard, ndio unaoiandaa na kuipa benki iiambatanishe na kadi za daraja fulani. Juu ya hapo, mara nyingi kuna kampuni nyingine kabisa inayopokea simu na madai kwa niaba ya kampuni ya bima. Ndiyo maana ukipiga simu tawi la benki kuuliza habari za begi lako, anayekujibu huwa hana la kukwambia.

Kwa hiyo usiangalie nembo. Kadi mbili zenye nembo moja, zilizotolewa na benki mbili tofauti, zinaweza kuwa moja ina bima nene na nyingine haina hata ya kuchelewa kwa ndege. Na benki inaweza kuiondoa bima hiyo ikishatoa taarifa. Citi ya Marekani ilifanya hivyo tarehe 22 Septemba 2019: kadi zake nyingi zilipoteza bima ya kufuta safari, ya kuchelewa, ya mizigo na ya gari la kukodi siku hiyohiyo. Waliokuwa wamezoea kuitegemea walilazimika kutafuta kinga kwingine.

Nitajuaje kadi yangu ina nini?

Omba mwongozo wa manufaa ya kadi, ule waraka mrefu wenye maandishi madogo. Kipeperushi chenye picha ya ufukwe hakikusaidii. Mara nyingi mwongozo huo uko kwenye tovuti ya benki, ndani ya akaunti yako. Hakikisha ni wa daraja la kadi yako, kisha angalia tarehe yake.

Ukiupata, usianzie mwanzo. Anzia kwenye sehemu ya maana za maneno, kisha nenda kwenye mambo yasiyolipiwa. Huko ndiko bima yenyewe iliko. Neno “safari” linaweza kuwa na maana ya kwenda na kurudi tu, au kwenda umbali fulani kutoka nyumbani (maili 100, kama kilomita 160, hutajwa katika baadhi ya mikataba), au kukaa nje kwa siku zisizozidi 60 au 90. “Familia” inaweza kuishia kwa mke au mume na watoto wanaokutegemea, kwa hiyo mama mzazi akawa nje. Na karibu kila mkataba una ukomo wa umri mahali fulani, hasa kwenye matibabu.

Je, ni lazima nilipie safari kwa kadi hiyohiyo?

Hapa ndipo madai mengi yanapofia, basi tukae kidogo.

Mikataba imegawanyika. Kuna inayotaka nauli yote ilipiwe kwa kadi husika. Kuna inayoridhika na sehemu ya nauli, hata kama ni kodi na ada tu kwenye tiketi uliyoipata kwa pointi, zile za zawadi unazojikusanyia ukitumia kadi. Kuna inayokubali pointi za kadi hiyo lakini ikakataa maili za shirika la ndege, yaani pointi ambazo shirika huwapa wateja wake. Na kuna michache, hasa ya kadi zenye ada kubwa ya mwaka, inayokukinga kwa sababu tu unayo kadi, hata ungelipa taslimu. Halafu ndani ya kadi moja manufaa yanaweza kutofautiana: gari la kukodi linataka ulipie gari lenyewe kwa kadi hiyo, hata kama tiketi ya ndege ulishailipia nayo.

Chukua mfano wa kawaida. Msafiri amenunua tiketi kwa kadi ya debiti kwa sababu kulikuwa na punguzo, hoteli akailipia kwa kadi ya mkopo yenye bima. Ndege ikafutwa. Anaomba fidia ya hoteli. Mkataba wake unasema kinga huanza pale “nauli ya chombo cha usafiri wa umma” inapolipiwa kwa kadi. Nauli haikulipiwa kwa kadi, kwa hiyo hata hoteli haina kinga. Punguzo la mwanzoni limemgharimu hoteli nzima.

Jambo jingine: mwajiri au rafiki akikununulia tiketi kwa kadi yake, bima ya kadi yako haiamki. Ya kwake huenda ikakufunika au isikufunike, kutegemea kama mkataba wake unamtambua msafiri asiye mwenye kadi.

Nikifuta safari kwa sababu yoyote, nitarudishiwa pesa?

La. Bima ya kufuta safari hulipa kwa sababu zilizotajwa kwa jina, na orodha yake huwa fupi: ugonjwa au jeraha kubwa la msafiri, kifo cha ndugu wa karibu, hali mbaya ya hewa inayozuia chombo kuondoka, wito wa mahakama, nyumba kuungua au kufurika. Kubadili nia hakumo. Kunyimwa viza mara nyingi hakumo. Bosi kukatalia likizo, mkutano kuahirishwa, kuogopa habari ulizosoma, vyote kwa kawaida havimo.

Kwa ugonjwa, kinachohitajika ni maneno ya daktari kwamba hufai kusafiri, na ayaandike kabla hujafuta, si wiki mbili baadaye ukiwa umeshapona. Tena fidia ni kwa pesa ambazo hukuweza kuzirudisha kwingine. Shirika la ndege likikupa vocha, thamani yake hukatwa. Na ukijua leo kwamba huendi, futa leo. Kuna hoteli inayorudisha nusu ukifuta mapema na isiyorudisha kitu ukingoja, na kampuni ya bima haitaki kubeba gharama ya kungoja kwako.

Pia kuna ugonjwa uliokuwa nao kabla. Mikataba mingi huangalia nyuma miezi kadhaa kabla ya tarehe uliyolipia safari: ulitibiwa? Dawa ilibadilishwa? Presha yako ikiwa imetulia kwa dawa ileile huenda ukapita. Daktari akiwa ameongeza dozi mwezi uliopita, wanaweza kusema ugonjwa ulishakuwepo. Msafiri mwenye maradhi sugu asome kifungu hiki kabla ya kusoma kingine chochote.

Mbona wanasema “tukio lililokuwa likijulikana”?

Bima hulinda dhidi ya usilolitarajia. Jambo likishatangazwa, anayenunua tiketi baada ya hapo anahesabiwa kuwa alijua. Mwishoni mwa Januari 2020 kampuni kadhaa za bima zilitangaza korona kuwa tukio linalojulikana. Mwenye tiketi ya kabla ya siku hiyo na mwenye tiketi ya baada yake walikuwa ndege moja, viti vinavyopakana, na haki mbili tofauti.

Aprili 2010 kulikuwa na mzozo wa namna nyingine. Volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilirusha majivu yaliyofunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa, na safari za ndege kama 100,000 zikafutwa. Swali likawa: majivu ni “hali mbaya ya hewa”? Kampuni nyingine zilisema ndiyo zikalipa, nyingine zilisema volkano si hewa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi kwamba neno moja katika mkataba lina uzito kuliko ahadi zote za tangazo.

Ndege ikichelewa, bima inalipa nini?

Inalipa gharama za lazima: chakula, malazi, mswaki, wakati mwingine teksi. Si fidia ya usumbufu. Kuna kizingiti cha saa, mara nyingi 4, 6 au 12, au kulazimika kulala njiani. Kuchelewa saa 5 na dakika 50 pale kizingiti kilipo saa 6 ni kutopata kitu.

Wengi huchanganya hili na haki wanazodai kwa shirika la ndege lenyewe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 261/2004, kwa mfano, inalitaka shirika kulipa euro 250 hadi 600 kutegemea umbali, kama kosa ni lake. Hiyo haihusiani na kadi. Shirika likikupa hoteli na chakula, chukua. Bima ya kadi ije kujaza pengo lililobaki, kwa sababu mikataba mingi inasema hulipa baada ya wengine wote kulipa.

Kabla ya kuondoka uwanjani omba kitu kimoja: barua au ujumbe wa shirika unaotaja namba ya ndege, saa ilizochelewa na sababu. Sababu ni muhimu. “Hitilafu ya mitambo” inaweza kuwa ndani ya mkataba na “mgomo uliotangazwa” ukawa nje.

Tahadhari kwa wanaounganisha tiketi mbili walizonunua kila moja peke yake: ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wengi hulipa chakula na malazi tu. Tiketi mpya ni juu yako, isipokuwa mkataba una kifungu cha kukosa ndege ya kuunganisha.

Begi langu halikutokea. Nifanye nini kwanza?

Usitoke ukumbini. Mkanda umesimama, abiria wenzako wameshaondoka, umechoka, na foleni ya dawati la mizigo ni ndefu. Simama kwenye foleni hiyo hiyo. Pale dawatini wataandika ripoti ya mzigo uliopotea, iitwayo PIR, yenye namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu. Watakuuliza rangi, umbo, na watataka kile kikaratasi cha mzigo ulichobandikiwa nyuma ya pasi yako ya kupandia ndege. Piga picha ripoti kabla hujaikunja. Bila PIR, dai la begi huwa gumu mno kulisimamisha.

Baada ya hapo kuna njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni shirika la ndege. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi zaidi ya 130, begi lililoharibika linatakiwa kulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kwa siku 21, unaweza kulidai kama lililopotea. Kikomo cha wajibu wa shirika tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani.

Njia ya pili ni kadi, na yenyewe huwa na milango miwili. Bima ya begi lililochelewa hukuruhusu kununua nguo na vitu vya kuogea baada ya saa kadhaa, lakini mara nyingi haifanyi kazi ukiwa unarudi nyumbani, kwa hoja kwamba nyumbani una nguo. Bima ya begi lililopotea hulipa tofauti kati ya hasara yako na kile shirika lilichotoa, ikipunguza uchakavu. Vito, kamera na kompyuta vina vikomo vyao vidogo. Pesa taslimu kwa kawaida hazimo kabisa.

Kadi yangu inasema “bima ya ajali ya safari hadi dola 500,000”. Si inatosha kwa hospitali?

Hapana, na hili ndilo kosa la hatari kuliko yote kwenye ukurasa huu. Bima ya ajali ya safari hulipa kifo, au kupoteza kiungo, macho au usikivu, katika ajali ya chombo cha usafiri ulichokilipia. Tarakimu ni kubwa kwa sababu tukio ni nadra. Ukipata malaria, ukivunjika mguu hotelini au kidole tumbo kikikuuma usiku, bima hiyo haina la kukupa.

Tafuta kifungu tofauti chenye maneno matibabu ya dharura, kisha kingine cha kuhamishwa kwa dharura. Kadi nyingi za Marekani hazina cha kwanza, au zinacho kwa kiasi kidogo tu. Kuhamishwa kwa ndege ya wagonjwa kutoka bara moja hadi jingine kunaweza kuvuka dola 100,000, na karibu kila mkataba unataka kampuni yenyewe ndiyo ipange usafiri huo. Familia ikikodi ndege kwanza ikaleta risiti baadaye, inaweza kujibiwa hapana hata kama mgonjwa alistahili.

Andika namba ya simu ya dharura kwenye karatasi, siyo kwenye simu pekee. Mpe na mwenzako wa safari. Piga kabla ya kulazwa kama hali inaruhusu. Kama hairuhusu, nenda hospitali, mtu mwingine apige ndani ya saa 24.

Inakubalika kwa viza ya Schengen?

Inaweza. Kanuni za viza za Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka bima isiyopungua euro 30,000, inayofaa katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa safari, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata kwa maiti. Ubalozi hautasoma mwongozo wa kadi yako. Omba kampuni ya bima ikupe cheti chenye jina lako, tarehe na kiasi hicho. Ikishindwa, nunua bima nyingine. Kwa safari fupi si ghali, na foleni ya miadi ya viza haifai kuchezewa.

Na gari la kukodi?

Kwa kawaida kadi hulipia gari lenyewe: likigongwa au likiibwa. Hailipii uliyemgonga wala gari lake. Hiyo ni bima ya dhima kwa watu wengine, na lazima uwe nayo kwa njia nyingine.

Pale kaunta karani atakuuliza kama unataka kinga yao. Mikataba mingi ya kadi inasema ukiikubali, ya kadi inazimika. Lakini usiikatae kwa mazoea. Soma kwanza kama bima ya kadi inalipa ya kwanza au inalipa baada ya bima yako ya gari ya nyumbani, kama nchi unayokwenda imetengwa (kwa kadi kadhaa za Marekani, Ireland, Israel na Jamaica zimewahi kuwa kwenye orodha hiyo), na siku ngapi zinaruhusiwa. Siku 15 ndani ya nchi yako na 31 nje ni ukomo unaoonekana mara nyingi. Malori, pikipiki na magari ya kifahari huwa nje. Kuacha lami pia.

Zunguka gari na kamera kabla ya kulitoa, na tena unapolirudisha.

Nina kadi tatu zenye bima. Nidai zote?

Hasara moja hulipwa mara moja. Unaweza kujaza pengo la moja kwa nyingine, kama malipo yaligusa zote mbili, lakini ni lazima utangaze kila bima uliyonayo.

Kurudishiwa muamala na benki ni bima hiyohiyo?

Hapana. Huduma uliyolipia isipotolewa, unaweza kuiomba benki irudishe muamala. Hiyo ni haki ya mlipaji na haijali kama una bima. Uingereza ina sheria ya namna yake: Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibebesha kampuni ya kadi wajibu pamoja na muuzaji, kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, njia za namna hii ziliwafaa wateja waliolipa kwa kadi. Bima nyingi za kadi hazilipii shirika kufilisika, kwa hiyo anzia benki.

Dai langu limekataliwa. Ndiyo basi?

Siyo lazima. Omba kwa maandishi kifungu walichotumia, kisha ukisome kwenye mwongozo uliokuwa ukitumika siku uliyolipia safari, siyo wa leo. Mengi hukataliwa kwa karatasi kupungua: taarifa ya kadi inayoonyesha muamala, tiketi, risiti zenye majina ya vitu, barua ya shirika, ripoti ya daktari. Leta kilichopungua, usiandike malalamiko marefu. Wakishikilia msimamo, nenda kwa msimamizi wa bima wa nchi ulikotolewa mkataba au ofisi ya usuluhishi iliyopo.

Muda nao unahesabiwa. Kuna mikataba inayotaka taarifa ya kwanza ndani ya siku 20, mingine 60, na nyaraka baadaye. Toa taarifa ukiwa bado safarini hata kama huna karatasi yoyote.

Basi ninunue bima nyingine au niridhike na ya kadi?

Maoni yangu: kwa safari fupi, tiketi ya bei ya kawaida, msafiri mwenye afya na bima ya matibabu inayofanya kazi huko aendako, ya kadi inatosha kwa mizigo na ucheleweshaji. Kwa mjamzito, mwenye maradhi sugu, mzee, anayekwenda nchi yenye hospitali ghali, au anayekaa nje miezi, nunua ya matibabu, na ya kadi ibaki kuwa ya ziada.

Naweza kuifunga kadi baada ya kununua tiketi?

Usifanye hivyo. Mikataba mingi inataka akaunti iwe wazi na isiyo na deni lililopitiliza siku tukio linapotokea. Subiri urudi, na kama una dai, subiri lilipwe, kwa sababu baadhi ya kampuni huweka fidia kwenye akaunti hiyohiyo ya kadi.